Mwanangu, rudi ukaitazame ile chai isiyo na sukari

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Uliposema kwamba michoro ya kejeli ya kale ni vibonzo tu vya wafalme waliokwisha kufa, na kwamba kabati za vyombo vya makumbusho ulizipita bila kusimama, moyo uliniuma.

Rudi British Museum, makumbusho ile ya London, uombe wakutolee mchoro uliochapwa wa James Gillray, mchoraji wa kejeli wa Kiingereza, wa Machi 1792. Michoro hiyo haikai ukutani muda mrefu, kwa kuwa mwanga hufifisha karatasi na rangi; hutunzwa gizani, ndani ya maboksi. Utamwona Mfalme George wa Tatu wa Uingereza mezani na Malkia Charlotte na binti zao, wakinywa chai isiyo na sukari. Mfalme anabugia huku akiisifu. Malkia anawabembeleza mabinti waionje: watawapunguzia Waafrika watumwa kazi, na zaidi ya yote watampunguzia baba yao gharama! Mabinti wenyewe wamenuna.

Inama uyasome maneno yanayowatoka vinywani. Mchoro kama huo hutengenezwa hivi: bamba la shaba hupakwa nta, mchoraji akaikwangua kwa sindano, kisha tindikali ikaila shaba pale ilipokwanguliwa. Wino hujazwa katika mistari hiyo, karatasi yenye unyevu ikakandamizwa juu yake. Kwa hiyo maneno yote hayo huandikwa kinyumenyume kwenye shaba ili yatoke sawa kwenye karatasi. Mkono ule nauheshimu sana.

Lakini kwa nini chai bila sukari? Aprili 1791 Bunge la Uingereza lilikataa hoja ya mbunge William Wilberforce ya kukomesha biashara ya watumwa, kwa kura 163 dhidi ya 88. Bunge liliposhindwa, watu wengi waliamua kuacha nyumbani mwao sukari ya visiwa vya Karibi, iliyolimwa na watumwa. Na mwezi uleule wa kura, Gillray huyuhuyu alichora msimamizi wa shamba akimzamisha mtumwa katika pipa la maji ya miwa yanayochemka, kisa kilichosimuliwa Bungeni. Mguu na mikono inachomoza juu ya povu. Mwaka haujaisha, akawachekesha watu kwa kikombe cha chai. Mimi kicheko hicho kinanikwama kooni, mwanangu, ingawa najua shabaha yake ilikuwa ubahili wa mfalme.

Ndiyo maana nakusihi usiyapite makabati. Katika makumbusho hiyohiyo kuna bakuli la sukari la kioo cha buluu, la miaka ya 1820, limeandikwa kwamba sukari ya East India, yaani ya upande wa India na si ya Karibi, haikutengenezwa na watumwa. Bakuli hilo lilikaa mezani, mgeni akinyoosha mkono achote anayasoma maandishi. Ukiutazama mchoro peke yake utadhani waliosusia sukari walikuwa wanafiki au mabahili. Bakuli linakuonyesha nyumba ambamo jambo hilo lilitiliwa maanani, na linakuonyesha pia kwamba miaka kama thelathini baada ya kicheko kile, vita vya sukari vilikuwa havijakwisha.

Anza na bakuli, kisha ndiyo uombe mchoro. Usiende na marafiki wenye haraka. Halafu uniandikie nyuso za wale mabinti umezionaje, maana mimi kila nikizitazama naona kitu kipya.

Akupendaye,
Mama yako