Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa NEMA (mamlaka ya mazingira ya Kenya), Nairobi: BOD ndogo haithibitishi maji salama

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Mintarafu: Kupima maji taka ya viwanda kwa hamira

Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 ziliweka kikomo cha BOD (oksijeni ambayo vijidudu hutumia kula uchafu) ya maji yanayomwagwa mtoni kuwa miligramu 30 kwa lita. Lakini BOD hupimwa kwa vijidudu hai: vikila uchafu kwa siku 5, oksijeni hupungua. Maji yakiwa na sianidi au kromiamu kutoka karakana ya kupaka metali, vijidudu huzubaa au hufa, oksijeni hubaki, na cheti husoma namba nzuri. Mwenye sumu kali ndiye anayefaulu.

Tunaomba sampuli za Eneo la Viwanda na mto Ngong zipimwe pia kwa hamira ya mkate. Chupa mbili, kila moja iwe na gramu 1 ya hamira kavu, gramu 5 za sukari na mililita 100 za maji: safi katika moja, sampuli katika nyingine. Zote ziwe pH 5 (kipimo cha uchachu), nyuzi 30. Gesi ambayo hamira hutoa ikila sukari isomwe kila dakika 10 kwa saa nzima.

Gesi peke yake hupotosha. Sianidi huziba upumuaji ndani ya mitokondria (sehemu za seli zinazotumia oksijeni kutengeneza nishati), ila hamira iliyopewa sukari huendelea kuchacha bila shida. Kwa hiyo seti ya pili ya chupa ipewe gliseroli badala ya sukari, ambayo hamira hii haiwezi kuitumia bila kupumua, kisha ipimwe oksijeni iliyoyeyuka. Pentaklorofenoli (dawa ya kuhifadhi mbao) hufanya kinyume: huvujisha protoni zinazoendesha utengenezaji wa nishati, seli ikahema kwa kasi huku ikipata ATP (nishati ya seli) kidogo. Oksijeni kuisha upesi kuliko kwenye maji safi isihesabiwe kuwa afya. Kromiamu VI hupitia mlango wa salfeti na kuinyima seli salfa. Saa moja ni fupi mno kuiona, kwa hiyo ukuaji upimwe kwa jinsi maji yalivyofifia kwa wingi wa seli baada ya usiku mzima.

Makosa ya kawaida: bafa ya fosfeti (ya kushikilia pH) hugandisha metali na kuficha sumu, maji ya bomba yasiyolazwa hubaki na klorini. Sampuli inayoshukiwa kuwa na sianidi isitiwe asidi nje ya kabati la kufyonza mvuke (gesi yake huua), na chupa ifungwe mara moja.

Hamira ina ukuta mgumu na huvumilia mengi, kwa hiyo matokeo mazuri yasitumike kumsafisha mtu. Ila ikidhoofika, BOD irudiwe kwa sampuli iliyozimuliwa mara 10 na mara 100. BOD iliyokokotolewa ikipanda kadiri maji yanavyozimuliwa, cheti cha kwanza kifutwe.

Wako,
Wapimaji wa maji, Nairobi