Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Tunaomba karatasi ya kuitunza stesheni

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Mimi ni mkazi wa kijiji kimoja kilichoko kati ya Mombo na Same, kando ya reli ya Tanga. Jina la stesheni yetu limo kwenye ombi tulilolipeleka kwa njia za ofisi. Hapa silitaji, maana nitakayoyasema yanazigusa stesheni nyingi ndogo za njia hii.

Nianze na lililo zito. Tumeingia kwenye jengo la serikali bila kibali cha maandishi. Tumezoa kinyesi cha popo, tumeng'oa miti iliyoota ukutani, tumeziba nyufa na kupaka chokaa. Kwa macho ya sheria huenda sisi ni wavamizi wa hifadhi ya reli, na ni heri ulisikie kwetu wenyewe kabla hujaletewa na mtu mwenye maneno yake.

Historia ya reli hii unaijua, sitakuchosha. Wajerumani walianza kuijenga pale Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Mwaka huohuo wa 1893 Dk. Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu, na kutoka hiyo yakaja mashamba yote unayoyaona ukishuka Korogwe. Reli na mkonge vikabebana. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakageuka pori, na kilichobaki kikachukuliwa na malori na mabasi ya barabara ya lami. Stesheni masta wetu akahamishwa, hakuletwa mwingine. Tangu hapo waliokuwa zamu pale jukwaani ni mbuzi.

Kilichofuata kilikuwa cha aibu, na sisi wanakijiji tulikiona. Milango ya mvule iliondoka. Mabati yakafuata. Mataruma ya chuma ya njia ya kupishania yakaishia kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu. Hakuna aliyewauliza waliobeba, kwa sababu hakuna aliyejua mali ile sasa ni ya nani: shirika moja linavunjwa, lingine linaundwa, mwekezaji anakuja na kuondoka.

Desemba 2019 treni ya abiria ilirudi Moshi baada ya zaidi ya miaka 20, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Tulitoka na vigelegele. Kwetu haisimami. Wala sikuandikii ili isimame, Mheshimiwa. Kusimamisha treni ni mafuta na ni muda, na hesabu hiyo nawaachia wenye kazi yao. Ila treni ile ilipopita mbele ya jengo lisilo na paa, vijana walikaa kimya, na wiki iliyofuata mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi gengini, kwenye kikosi cha kutengeneza njia ya reli, akaitisha msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji.

Yeye ndiye aliyetuokoa na saruji. Fundi wa kwanza alitaka kupiga lipu ya saruji ukuta mzima, kazi iishe. Mzee akachukua msumari, akakwangua kiungo kati ya jiwe na jiwe, akamwekea fundi unga mweupe kiganjani. Ukuta ule ulijengwa kwa chokaa. Unavuta unyevu na kuutoa. Ukiufunika kwa saruji, maji yanabaki ndani, na baada ya masika chache lipu inabanduka kwa mapande pamoja na uso wa jiwe lenyewe. Basi tukaloweka chokaa, tukachanganya na mchanga wa mtoni, tukarudia kiungo kwa kiungo. Kazi ya kuchosha, na kina mama wa kijiji ndio walioifanya kwa subira kuliko vijana, niseme ukweli.

Dirisha la tiketi hatukuligusa. Ubao wake umelika katikati, pale watu walipokuwa wakisukuma sarafu, na fundi seremala alipotaka kuupiga randa alifukuzwa.

Mtu anaweza kusema majengo haya hayana kazi. Aende Sigi, wilayani Muheza. Reli ndogo iliyotoka Tengeni kwenda huko iling'olewa zamani, lakini nyumba ya stesheni masta wa Kijerumani ilikarabatiwa, na leo ndiyo kituo cha taarifa cha wageni wa hifadhi ya Amani. Reli haipo, nyumba ina kazi. Sisi tuna reli na treni inapita; tunachotaka ni chumba kimoja kiwe cha wanafunzi kusomea, kingine ghala la mboga za wanaopeleka sokoni, na kivuli cha jukwaa wabaki nacho mama lishe.

Tunachoomba ni karatasi. Makubaliano mafupi ya matunzo: jengo libaki mali ya reli, kijiji kilitunze kwa masharti mtakayoweka, mkilihitaji mlichukue. Mkitaka mhandisi aje akague kwanza, aje. Mkitaka tusivuke mstari fulani karibu na njia, uchoreni, tutauheshimu. Hatudai fidia wala posho, na hatutaki jiwe la msingi lenye majina yetu. Hofu yetu ni moja: kuamka asubuhi na kukuta X nyekundu ya kubomolewa kwenye ukuta tuliousugua kwa mikono, kwa sababu ofisi iliyomtuma mtu wa kupaka rangi haikuwa na habari zetu.

Ombi la kwanza lilipokelewa na kugongwa muhuri. Jibu bado. Mabati ya upande wa magharibi yameshanunuliwa kwa michango na yamelala nyumbani kwa mtendaji, lakini mwenyekiti hataki mtu apande juu ya paa bila kibali, na hapo namuunga mkono, maana akianguka mtu tutajibu nini? Masika yanaanza Machi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa kijiji, kwa niaba ya wana msaragambo