App yako na vumbi la Doha

Shosti Zuhura,

Mambo vipi mpenzi, za Doha na joto lenu hilo. Voice note yako nimeisikiliza kwenye basi nikacheka peke yangu mpaka watu wakageuka, eti "nyie watu wa kompyuta mnalipwa kwa kazi gani", app ya hali ya hewa imesema anga safi, we umeanika mashuka balkoni, kufika saa nne dunia nzima ya njano kwa vumbi. Pole jamani. Umeuliza basi leo utasoma, maana hili la kubashiri vumbi kwa kompyuta ndo ninalolala nalo na kuamka nalo.

Iko hivi. Modeli ya hali ya hewa inaikata anga yote ya dunia kuwa vijumba, kila kijumba kina namba zake, upepo, joto, unyevu, presha, alafu kompyuta inakokotoa nini kitatokea dakika chache mbele, inarudia tena, inarudia tena, mpaka ifike kesho kutwa. Wazo la zamani hilo. Kuna Mwingereza Lewis Fry Richardson alijaribu kwa mkono, kwa karatasi, huku anaendesha ambulensi Ufaransa kipindi cha Vita Kuu ya Kwanza, jibu lake likasema presha itabadilika milibari 145 ndani ya saa 6, kituko kabisa, anga haifanyi hivyo, na bado mwaka 1922 akalichapisha kwenye kitabu hivyohivyo. Nampenda sana yule mzee. Baadae 1950 Wamarekani wakafanya kwa kompyuta ya ENIAC, na 1956 Norman Phillips akaanza na hewa iliyotulia tuli, akaipasha joto kwa mahesabu tu, pepo zikajitengeneza zenyewe zinafanana na za kweli.

Kwaiyo upepo tunauweza, si haba. Vumbi ndo linatuumbua.

Yani upepo mdogo haunyanyui kitu. Mpaka ufike kiwango fulani, hapo punje za mchanga zinaanza kurukaruka, zikidondoka zinapiga ardhi, na kule kupiga ndo kunatoa lile vumbi laini linaloingia mpaka kwenye droo ya nguo. Ukishapita kile kiwango, vumbi haliongezeki sawa na upepo, linaongezeka karibu kwa upepo mara upepo mara upepo. Piga hesabu mwenyewe: upepo ukitoka mita 8 kwa sekunde ukawa mita 10 ni robo tu imeongezeka, ila vumbi linakaribia mara mbili. Sasa modeli ikikosea upepo kidogo tu, kitu ambacho kwenye mvua wala usingekiona, kwenye vumbi unaliona kwenye mashuka.

Mfano ninaoupenda ni Bodélé, kaskazini mwa Chad. Pale zamani palikuwa chini ya ziwa, Ziwa Chad lilipokuwa kubwa kupita kiasi, likakauka likaacha unga mweupe mwepesi wa vijimea vya majini vilivyokufa. Upepo unabanwa katikati ya milima ya Tibesti na Ennedi, unatoka na kasi, usiku unakimbia juu juu tu, asubuhi jua likipasha ardhi unashuka chini na hapo ndo moshi mweupe unaanza. Vumbi la Sahara linavuka bahari mpaka Amazon, watu wa setelaiti walipima miaka ya 2007 mpaka 2013 wakapata wastani wa kama tani milioni 28 kwa mwaka zinadondoka bonde la Amazon, ndani yake fosforasi tani 22,000 hivi, mbolea ya bure. Sasa chukua modeli yenye vijumba vya kilomita 100: milima inasawazishwa, lile pengo halipo tena, upepo unapita umelegea, na Bodélé inakaa kimya. Hata Turkana kule Kenya ndo yaleyale, upepo unabanwa kati ya milima ya Ethiopia na ya Kenya, ndo maana waliweka pale mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo, na modeli za vijumba vikubwa zinaupunguza sana ule upepo.

Turudi kwako. Huo upepo wenu unaitwa shamali, unatoka kaskazini magharibi, Iraq huko, unateremka Ghuba yote huku milima ya Zagros ya Iran imeuzuia upande mmoja, na Juni Julai ndo msimu wake. Huu modeli zinaujua vizuri tu. Shida ni ardhi. Vile vinamasi vya kusini mwa Iraq vilikaushwa miaka ya 1990, vingine vikarudishwa maji, ukame ukaja tena, kama ramani ndani ya modeli ni ya zamani inadhani pale matope kumbe ni unga mkavu unasubiri upepo. Alafu kuna haboob, ile kuta ya vumbi ya Khartoum, inatokana na hewa baridi inayoporomoka toka kwenye wingu la radi, wingu lenyewe kilomita chache tu, kuitafuta kwa vijumba vya kilomita 40 ni kuvua dagaa kwa nyavu ya papa.

Na bado kuna la punje kubwa. Utafiti wa 2020 umeona hewani kuna kama tani milioni 17 za vumbi la punje nene, modeli zinasema milioni 4. Yani kwenye kompyuta zinadondoka mapema, kwenye hewa ya kweli zinagoma kudondoka. Hapo ndo nimekwama na mimi, wengine wanasema hewa inavurugika zaidi ndani ya wingu la vumbi, wengine wanasema ni umbo la punje, mi naona yote mawili.

We cha kufanya, achana na kile kipicha cha jua cha kwenye simu. Kituo cha utabiri wa vumbi cha Barcelona, Hispania, kinaweka ramani za vumbi za modeli nyingi pamoja, siku tatu mbele, zikikubaliana zote ingiza mashuka ndani, zikigombana angalia upepo wa Iraq jana yake. Na likija tena nirekodie saa lilipoanza na jengo la mwisho unaloliona, nataka nilinganishe na modeli yangu.

Msalimie shemeji, mwambie deni langu la halua halijafutika.

Wako,
Mwanaidi