Mhariri, vichwa vya habari vya mitandaoni vinawamalizia watu bando na nauli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu, na naona hata nyie wa magazetini linawahusu.

Nina steshenari hapa Dodoma mjini, natoa kopi, naprinti, nawajazia vijana maombi ya ajira na ya mkopo wa chuo, na ukifika msimu wa matokeo watu wanajaa mlangoni. Wengi wanakuja na simu mkononi wananionyesha skrinshoti, "mwanangu hebu ona hapa, matokeo ya kidato cha nne yametoka, HAYA HAPA, nitolee ya mjukuu wangu." Ukiifungua hiyo linki unakutana na tangazo la dawa za nguvu za kiume, chini yake tangazo la kubeti, unashuka unakuta "bonyeza hapa kuyaona", unabonyeza, kinafunguka kichwa kingine na tangazo lingine, mwisho kabisa kuna aya mbili zinazosema matokeo yanatarajiwa kutoka hivi karibuni. Hivi karibuni! Mama wa watu katoka Bahi kwa nauli yake, kaacha palizi shambani, kisa maneno mawili yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Siku hiyohiyo akaja na kijana wa Chamwino, skrinshoti ileile.

Hili halitokei kwa bahati mbaya, nataka wasomaji wenzangu walijue. Mwenye ukurasa analipwa na matangazo, halipwi kwa sababu umesoma ukaelewa, analipwa kwa sababu umefungua tu. Ndo maana jambo lenyewe linafichwa makusudi, "Alichokifanya huyu mke baada ya kumfumania mumewe, utashangaa." Mke gani, wapi, lini, hakuna. Angekuambia pale juu usingefungua. Facebook wenyewe mwezi Agosti 2016 walitangaza kwamba watavishusha vichwa vya namna hii visionekane sana, wakasema wanaangalia vitu viwili, kichwa kinachoficha habari ili ufungue, na kichwa kinachotia chumvi. Hivyo viwili mtu akivikariri kapata pa kuanzia. Na mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani walichapisha kwenye jarida la Science utafiti wa habari zilizosambaa Twitter tangu 2006 mpaka 2017, wakakuta habari ya uongo ina uwezekano wa kusambazwa tena uliozidi ule wa habari ya kweli kwa asilimia 70, na wanaoisambaza zaidi ni watu wenyewe, sio programu za kompyuta. Yaani ni mimi na wewe na grupu la ukoo.

Sasa watu wananiuliza nitajuaje. Mimi huwa nawaambia hivi, habari ina mwenyewe na ina msimu wake. Matokeo ya kidato cha nne mwenyewe ni NECTA, yaani Baraza la Mitihani, mtihani unafanyika Novemba na matokeo kwa kawaida yanatoka Januari, Katibu Mtendaji anasimama mbele ya waandishi anatangaza na yanawekwa kwenye tovuti ya baraza. Kwa hiyo ukikuta Desemba mtu anakwambia haya hapa, usihangaike kufungua. Ajira za serikali mwenyewe ni Sekretarieti ya Ajira na majina ya walioitwa kwenye usaili wanayaweka kwao. Angalia pale juu kwenye anwani ya tovuti, ya serikali inaishia na .go.tz, ile haipewi mtu binafsi, hata aweke nembo ya taifa kubwa kiasi gani. Bei ya mafuta mwenyewe ni EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, na bei kikomo, yaani ile ya juu kabisa ambayo muuzaji haruhusiwi kuizidi, anazitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, sasa ukikuta katikati ya mwezi kichwa kinasema BEI MPYA ZA PETROLI KUANZIA USIKU HUU, kaa kwanza ujiulize, maana nimeshaona bodaboda wamepanga foleni sheli saa tatu usiku kwa kichwa cha namna hiyo na asubuhi bei ilikuwa vilevile.

Na sisi wa Dodoma tuna la kwetu la Bunge. Hapa ndo penyewe, Bunge la bajeti likianza Aprili mpaka Juni kila mtu na simu yake ni mwandishi. Mbunge akisimama kuchangia akaiomba serikali ifute tozo fulani, jioni unakuta TOZO YAFUTWA RASMI. Muswada ukisomwa mara ya kwanza tu, SHERIA MPYA YAPITA, wakati bado unaenda kwenye kamati, urudi usomwe mara ya pili na ya tatu, na mwisho Rais asaini. Waziri wa Fedha akisoma hotuba ya bajeti mwezi Juni yale ni mapendekezo, mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na Bunge linakuwa limeshapitisha Muswada wa Fedha, ila kichwa kikiandikwa SUKARI YAPANDA kuna maduka mtaani yanapandisha jioni ileile, na anayeumia ni mwenye kununua nusu kilo. Kitenzi kiangalie. Kaomba, kapendekeza, kaagiza na kapitisha ni mambo manne tofauti kabisa.

Wakulima ndo wananiuma zaidi. Mtu ana alizeti zake ndani anasubiri bei, anaona kwenye status BEI YA ALIZETI YAPOROMOKA, anaogopa, anamwita dalali usiku anauza kwa bei ya hasara, halafu ukiitafuta ile habari tarehe yake ni ya miaka mitatu nyuma, au ni ya nchi nyingine kabisa. Tarehe jamani. Habari za zamani zinafufuliwa kila leo kwa sababu ukiziangalia juu juu zinafanana na za leo. Kule Kibaigwa sokoni mnunuzi hanunui gunia la mahindi kwa kuangalia juu, anachoma bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea nafaka guniani, mpaka katikati aone kama ndani ni yaleyale. Habari nayo ichome bambo, shuka mpaka aya ya tatu, tafuta jina la aliyesema, cheo chake, mahali na siku, kama hayo hayapo usifowadi. Kichwa chenye alama ya kuuliza, "Je ni kweli fulani kafariki?", mara nyingi aliyeandika hana jibu, angekuwa nalo angeandika kafariki. Wasanii wangapi wameshazikwa mitandaoni na wako hai wanapiga shoo.

Wengine wanasema aah mimi sijaandika, nimeshea tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kifungu cha 16 inamgusa anayechapisha kwa mtandao taarifa anayojua ni ya uongo au ya kupotosha kwa nia ya kudanganya, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 au vyote pamoja. Sisemi watu wafungwe, nasema ujue unachokigusa kabla hujabonyeza kufowadi kwenye grupu lenye watu mia mbili.

Nyie nanyi Mhariri, hapa sitawaacha. Gazeti la karatasi mnaliandika vizuri, ukisoma kichwa unajua nani kafanya nini wapi, lakini habari hiyohiyo ikihamia kwenye kurasa za mitandaoni za magazeti yetu inageuka "Alichokisema Waziri kuhusu mishahara hiki hapa". Kwa nini isisemwe alichosema? Msomaji wa mtandaoni naye ni msomaji, bando analinunua kwa hela yake, na mkimzoesha vichwa vya kuficha hatatofautisha tena ukurasa wenu na ule wa dawa za nguvu za kiume. Pia mkikosea kichwa mkakibadilisha, andikeni chini kwamba kimebadilishwa, maana skrinshoti ya kile cha kwanza inakuwa imeshafika Mpwapwa.

Ombi langu la mwisho, tengeni kaboksi kadogo ukurasa wa ndani muorodheshe anwani halisi za tovuti, ya NECTA, ya Sekretarieti ya Ajira, ya TAMISEMI kwa wanaochaguliwa kidato cha tano, ya EWURA, ili mzazi asiye na uzoefu wa mtandao akate abandike ukutani. Kawekeni Januari mapema kabla ya matokeo ya kidato cha nne, na tena Julai kwa ajili ya kidato cha sita.

Msomaji wenu,
Nkuhungu, Dodoma