Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayetaka kuwa msuluhishi

Mdogo wangu,

Nimesikia unataka kazi ya usuluhishi kwa kuwa watu wa nyumbani Kasulu wanakusifu ulimi. Ulimi utakusaidia dakika kumi za mwanzo. Baada ya hapo ni vipimo na maandishi.

Chukua kesi ya kila msimu: ng'ombe wameingia usiku kwenye mahindi. Kabla hujaita kikao, shamba lipimwe, siku hiyohiyo au kesho yake, afisa ugani akiwepo na pande zote mbili zikiona. Hatua ngapi urefu, ngapi upana, mahindi yana kimo gani, mangapi yamelala, mangapi yameliwa majani tu. Ukingoja wiki na mvua ikapita, mkulima atasema ekari mbili, mfugaji atasema robo, na hakuna atakayekuwa na cha kuonyesha.

Halafu uliza ng'ombe ni wa nani. Anayeletwa mara nyingi ni kijana mchungaji, ambaye hawezi kuahidi hata ndama. Mwenye mali yuko kwingine. Usianze bila yeye. Majirani zetu Warundi walilipia jambo hili: mapatano yaliyosimamiwa na Mwalimu Nyerere, kisha Mandela, yalitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000, lakini vikundi vya waasi vya CNDD-FDD na FNL havikusaini, na bunduki zikaendelea kulia.

Angalia na lugha. Mwenyekiti akianza kumtania mkulima kwa Kiha, mfugaji Msukuma anaona kesi imeshakwisha. Kiswahili kwa wote, na mkalimani kwa mzee asiyekimudu.

Ukimtoa mmoja pembeni kwa dakika ishirini, mwenzake naye mpe ishirini, hata kama hana la kusema. Kabla ya kumwacha muulize: lipi kati ya haya nisilifikishe upande wa pili? Usibahatishe.

Sasa maandishi, ndipo wengi wanapoharibu. "Atalipa gunia nne baada ya mavuno." Mavuno ya maharage au ya mahindi? Gunia la kilo 100 au lumbesa? Yamepukuchuliwa? Nauli ya nani? Hapo umewaandikia ugomvi wa pili. Andika hivi: "Magunia 4 ya mahindi makavu yaliyopukuchuliwa, kila moja kilo 100 kwa mizani, yatafikishwa nyumbani kwa mkulima kabla ya tarehe 31 Julai, nauli juu ya mfugaji, mwenyekiti wa kitongoji akishuhudia. Yasipofika, atalipa fedha kwa bei ya soko la Kasulu ya siku hiyo." Mwaka uandike pia. Soma kwa sauti, asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi wake mwenyewe, toa nakala tatu.

Ikiwa ugomvi ni wa mpaka, jua mabaraza. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, wanawake 3. Akidi, yaani idadi ya chini ya kufanya kikao, ni 4, na wanawake wasipungue 2. Wakikaa wazee wanaume pekee, hata wakipatanisha vizuri, umempa mwenye hila mahali pa kushika. Baraza la kata, tangu marekebisho ya sheria ya 2021, halihukumu tena migogoro ya ardhi, linapatanisha. Likishindwa linatoa hati ya kuthibitisha hivyo, na siku 30 zikipita bila suluhu mtu anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila hati hiyo. Mjumbe akikuambia "tumehukumu", mrekebishe kwa adabu.

Ubakaji na mimba ya mwanafunzi si kazi yako, hata familia zote mbili zikikubaliana kulipana ng'ombe. Hayo ni ya polisi, dawati la jinsia na watoto.

Kuhusu kula: usitegemee nafasi ya mjumbe wa baraza la kijiji ikulipie kodi ya nyumba. Ajira ya usuluhishi ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwenye migogoro ya kazi. Huko tarehe ndizo zinazoua kesi: aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kufungua shauri, madai mengine siku 60, na usuluhishi wenyewe una siku 30. Shahada ya sheria itakufaa kule kuliko kijijini.

Kwa sasa nenda kwa katibu wa baraza la kata, omba ruhusa ukae pembeni usikilize. Nunua kaunta buku. Karatasi za kuchanachana hupotea kabla ya mahindi kukauka.

Kaka yako