Mkalimani wa simu peke yake hamwachishi mtu sigara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wavutaji wa jamii yetu, Wakongo na wengine tuongeao Kiswahili hapa Louisville, Marekani.

Kentucky ni jimbo la tumbaku. Hulimwa hapa, na sigara ni rahisi: kodi ya jimbo ni dola 1.10 kwa pakiti, wakati New York ni dola 5.35. Kijana anatoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, hajawahi kushika sigara, anapata kazi kiwandani, anaona wanaovuta ndio wanaotoka nje kupumzika. Naye anajifunza. Nimeisikia habari hiyo kwa vijana wengi.

Msaada wa kuacha upo. Namba 1-800-QUIT-NOW ni ya bure, humuunganisha mtu na washauri wa jimbo lake, na majimbo mengi hutoa plasta za nikotini za kupunguza hamu ya sigara bila malipo. Shida ni kuingia. Mzee asiyejua Kiingereza inabidi aeleze kwa Kiingereza kwamba anataka Kiswahili, kisha asubiri mkalimani atafutwe. Wengine hukata simu hapo hapo.

Hata akivumilia, mkalimani hufikisha kilichosemwa tu, haruhusiwi kuongeza. Mimi mwenyewe ni mkalimani wa hospitali, kwa hiyo siwadharau wenzangu. Lakini namjua mzee aliyepewa chingamu ya nikotini, akaambiwa atafune kila akipata hamu. Akaitafuna haraka haraka kama ya dukani, tena juu ya chai. Kwikwi zikamshika, kichefuchefu, kiungulia. Akaitupa, akarudia sigara. Hakuna aliyemwambia kwamba hutafunwa polepole mpaka mdomo uanze kuwasha, kisha huachwa kati ya shavu na ufizi, na kwamba chai, kahawa au soda ikinywewa robo saa kabla huipunguzia nguvu. Mshauri anayejua tunavyoshinda na chai angeanzia hapo.

Halafu kuna kanisa. Makanisa yetu mengi huiweka sigara fungu moja na pombe, na mwanakwaya akijulikana anavuta, anasimamishwa. Ndiyo maana siafikiani na wanaotaka semina za kuacha sigara zifanyike baada ya ibada. Nani atanyoosha mkono? Hata mkalimani wa ana kwa ana huenda akawa shemasi wake! Simu angalau inatunza siri, nami singependa tuipoteze faida hiyo.

Tunachohitaji ni laini moja ya Kiswahili kwa nchi nzima, yenye washauri waliofunzwa wanaoongea lugha hii wenyewe. Si jambo geni. Wachina, Wakorea na Wavietnam walifunguliwa ya kwao nchi nzima mwaka 2012, ikiendeshwa na Chuo Kikuu cha California, San Diego. Wanaoongea Kihispania nao wana namba yao. Jimbo moja litasema Waswahili wake ni wachache mno kuajiriwa washauri, na pengine ni kweli. Lakini Kentucky, Ohio, Texas na Maine wakichanga pamoja, hoja hiyo inakwisha.

Najua wakati si mzuri. Aprili 2025 ofisi ya CDC, shirika la serikali kuu la kudhibiti magonjwa, iliyoshughulikia uvutaji iliondolewa wafanyakazi wake, kwa hiyo Washington tusiitegemee sana. Ila Kentucky hupokea kila mwaka fedha za mapatano ya 1998 kati ya majimbo na kampuni za sigara. Sheria ya mwaka 2000 ilizigawa: nusu kwa kilimo, robo kwa watoto wadogo, robo kwa afya. Wabunge wetu waulizwe ni kiasi gani cha robo hiyo ya afya kinamfikia mvutaji asiyejua Kiingereza.

Kwa sasa, anayetaka kuacha apige namba hiyo hiyo, aseme neno moja tu, "Swahili", na asikate simu.

Mkalimani,
Louisville, Kentucky