Pikapu inalivuta tela, lakini kibandiko cha mlangoni kinanikataza. Nifanyeje?

Mhariri na wasomaji wenzangu, shikamooni mlio wakubwa, na wengine nawasalimu.

Naishi Aurora, jimbo la Colorado, Marekani, pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili, mmoja ana miaka 12 na mwingine 8. Kwetu ni Iringa. Mama yangu anakuja mwezi wa saba, mara yake ya kwanza kutoka nje ya Tanzania, na nimeshamwahidi kumpeleka hifadhi ya Yellowstone kwa tela la safari, yale yenye vitanda, jiko na choo ndani. Tela ninalo, na pikapu ya kulivuta ninayo. Hata hivyo kila nikilala nawaza kama nina haki ya kuipandisha familia yangu humo.

Tela nilinunua mwaka jana mwezi wa nne. Muuzaji alitoka nje akaiangalia pikapu yangu, Ford F-150 ya 2018 yenye injini ya V8, akaniambia hii inavuta pauni 9,000, na tela hili lina pauni 5,600 tu. Nikaona imebaki nafasi kubwa, nikasaini mkopo siku hiyo hiyo. Sikujua kwamba pauni 5,600 ni uzito wa tela tupu kama lilivyotoka kiwandani, bila maji, bila chakula, bila hata kijiko. Uzito wa mwisho unaoruhusiwa likishapakiwa ni pauni 7,500, na umeandikwa ubavuni mwa tela lenyewe. Nilipita mbele ya maandishi hayo mara tatu siku ile.

Safari ya kwanza ilikuwa mwezi wa sita, kwenda Wyoming kwa barabara ya I-25. Ukishapita mji wa Wellington hakuna mti, ni uwanda mtupu, na upepo unakuja kutoka magharibi bila kizuizi. Nilikuwa maili 70 kwa saa. Lori la semi tela likatupita kwa kushoto, upepo wake ukatusukuma pembeni, kisha ukatuvuta upande wake, na tela likaanza kupiga mkia. Mara ya kwanza kidogo, mara ya pili zaidi, ya tatu nikaona ubavu wote wa tela kwenye kioo cha pembeni, kama gari jingine linataka kunipita. Nikakanyaga breki, na hilo lilikuwa kosa, maana pikapu ilipunguza mwendo ghafla na tela likazidi kuisukuma. Mke wangu alinyoosha mkono nyuma akamshika mdogo kifuani. Nikaachia breki, nikaachia mafuta, nikashika usukani bila kuukata, na kwa rehema za Mungu tela likatulia lenyewe. Baadaye nilijifunza kwamba nilipaswa kusukuma ile swichi ya breki za tela kwa mkono, ili tela lishike breki peke yake na kujinyoosha nyuma ya gari. Swichi hiyo ilikuwa karibu na goti langu muda wote.

Tuliposimama, mke wangu alishuka akasema hawapandishi tena watoto mpaka nijue kilichotokea. Sikubishana naye, alikuwa na haki.

Nikaanza kusoma na kuuliza, na kosa nikaliona. Nilikuwa nimefunga baiskeli nne nyuma kabisa ya tela, na masanduku mazito nikayapanga chini ya kitanda cha nyuma. Shingo ya tela, pale inapokaa kwenye mpira wa chuma wa pikapu, inatakiwa ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela. Nyuma ikiwa nzito, shingo inakuwa nyepesi, na tela lenye shingo nyepesi linasubiri upepo tu. Basi nikatoa baiskeli, nikahamishia vitu vizito mbele ya ekseli, nikanunua zile nondo za kugawanya uzito zenye kizuia kuyumba, na nikaamua mwisho ni maili 62, kwa sababu tairi nyingi za tela za aina ile, kama hazikuandikwa vingine, zimetengenezwa kwa maili 65. Tulipotoka tena mwezi wa tisa tela lilifuata kama kivuli. Mke wangu alisinzia njiani, nami nikajua moyo wake umetulia.

Hapo ningeishia, kama si Baba.

Marehemu Baba alikuwa dereva wa lori, Dar hadi Tunduma. Nikiwa shule ya msingi, likizo alinichukua nikawa kama utingo wake. Usiku mmoja tulikuwa tunatoka Mbeya na mchele, tukakamatwa mizani ya Makambako. Mzigo wote kwa jumla ulikuwa halali. Tatizo lilikuwa ekseli moja ya nyuma iliyozidi. Baba hakutafuta njia ya mkato. Alifungua turubai, akahamisha magunia kwenda mbele, gunia moja moja, mimi nikishika tochi, mpaka karibu na alfajiri, akarudi juu ya mizani. Nakumbuka shati lake lilivyokuwa na unga wa mchele mgongoni, na alivyosimama kimya akingoja namba isomwe.

Huku sijawahi kusimamishwa mizani na tela langu. Lakini baada ya safari ya mwezi wa tisa nilimkumbuka, nikaenda mwenyewe kwenye kituo cha malori chenye mizani ya kulipia. Nikapima mara mbili, pikapu ikiwa na tela bila nondo kufungwa, kisha pikapu peke yake. Tela likiwa limepakiwa kama tunavyosafiri lilikuwa pauni 7,060, karibu kilo 3,200. Kwa uwezo wa kuvuta, sawa kabisa. Shingo ikawa kilo 417, asilimia 13, nayo sawa kabisa.

Ndipo nikafungua mlango wa dereva nikasoma kibandiko kwenye nguzo, kile cheupe chenye sehemu ya njano. Kinasema uzito wa abiria na mizigo kwa pamoja usizidi kilo 671. Shingo ya tela inahesabiwa humo, kwa sababu ni pikapu inayoibeba. Toa kilo 417 za shingo, toa 45 za chuma cha kuungia na nondo zake, zinabaki 209. Mimi nina kilo 91, mke wangu 73, watoto wote wawili 73. Jumla 237. Tumezidi kabla sijaweka hata jagi la maji. Akipanda Mama, kilo 68, tumezidi kwa 96. Na kwenye bodi ya pikapu, nyuma, huwa nabeba jenereta, boksi la barafu, kuni na kifuniko cha bodi, jumla kilo 85. Hapo tumezidi kwa kilo 181.

Mmeona nilipokwama. Nikirudisha mzigo nyuma ya tela, shingo inapungua na kibandiko kinaridhika, lakini tela linarudi kupiga mkia. Nikiuweka mbele, tela linatulia lakini pikapu inabeba kuliko ilivyoruhusiwa. Nondo zinarudisha sehemu ya uzito kwenye ekseli za tela, lakini haziwezi kufuta kilo 181.

Rafiki yangu mmoja, mtu mzuri na fundi, ananishauri nifunge mipira ya hewa kwenye springi za nyuma. Anasema gari litanyanyuka na sitaona tofauti. Namheshimu, lakini najua mipira inanyanyua nyuma tu. Haiongezi nguvu ya ekseli, wala tairi, wala breki, na kibandiko kinabaki vile vile. Na njia tutakayopita ni ya milima. Kutoka Rawlins tunakwenda Lander, kisha tunavuka mlima kwa njia ya Togwotee, mita zaidi ya 2,900 juu ya usawa wa bahari, ndipo tunashukia Grand Teton. Injini kama yangu, isiyo na turbo, hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000 unazopanda. Kupanda sikuhofii, tutapanda taratibu. Kushuka ndiko kunakonitisha. Kitonga, ule mlima mkali wa kwetu Iringa, nimeshuka na Baba mara nyingi, kwa gia ile ile aliyopandia, mguu haukai kwenye breki, na nimeona pia malori ambayo madereva wake hawakufanya hivyo.

Sasa ushauri ninaoomba.

Njia ya kwanza ni mke wangu na Mama wafuate nyuma na Corolla yetu, na ile bodi ibaki tupu, jenereta isiende. Nikibaki na watoto tu kwenye pikapu, abiria ni kilo 164, na ninakuwa ndani ya kibandiko kwa kilo 45. Kwa hesabu inawezekana. Lakini mke wangu anafanya kazi za usiku, ataendesha siku mbili milimani, na Mama atakuwa mbali na wajukuu aliotoka Iringa kuwafuata.

Njia ya pili ni kubadilisha pikapu nichukue ya daraja la juu, kama F-250 au Ram 2500. Hapa mwenye uzoefu anisaidie kuchagua. Nimefungua milango ya kadhaa kusoma vibandiko, na nimegundua zenye dizeli, kwa uzito wa injini yake, nyingine zimebakiza nafasi ya kubeba kidogo kuliko za petroli. Je, kwa tela la kilo 3,200 na watu watano, petroli inatosha milimani? Deni la pikapu hii bado ni dola 14,000, na la tela 19,000. Mke wangu anaogopa deni la tatu, na mimi pia.

Njia ya tatu ni kuuza tela kwa hasara, nitafute dogo lisilozidi kilo 2,200 likiwa limepakiwa. Ila nafasi ya kumlaza Mama kwa heshima, kitanda chake na pazia lake, ndiyo ilinifanya nichukue hili.

Mama hajui lolote kati ya haya. Juzi kwenye simu aliniuliza kama tela lina dirisha upande wa kitanda chake, nikamwambia lipo, kubwa. Amenunua shuka mpya Iringa anakuja nazo.

Anawasili tarehe 6 Julai. Mlioburuta tela kama hili na familia ndani ya gari, na ninyi madereva wa masafa mnaojua mizani, niambieni mngechagua lipi.

Ni mimi msomaji wenu,
Baba wa wawili, Aurora, Colorado